SOMO: Namna ya kumkabidhi ofisi kiongozi mpya ambaye hajawahi kuongoza

Wakuu, kila msimu wa uchaguzi wa vyama na vikundi ujumbe ni ule ule: "Namaliza muda wangu, anayenipokea hajawahi kushika hata ukatibu, nianzie wapi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, leo naliweka lote hapa. Nawalenga wenyeviti na makatibu wa vyama, kamati na jumuiya ndogo, ila mengi yanamhusu hata anayetoka ikulu.

Hatua ya 1: Tarehe. Matokeo yakishatangazwa tu, pangeni siku ya makabidhiano na vikao vya kabla yake.

Hatua ya 2: Mali. Rejesta mkononi, mzunguke wote wawili mkikagua kwa macho: mhuri, funguo, hati, kompyuta. Kisichoonekana kiandikwe kwamba hakikuonekana.

Hatua ya 3: Fedha. Salio litoke kwenye taarifa ya benki yenyewe, na fedha taslimu zihesabiwe mezani. Andikeni mnachodai na mnachodaiwa. Kubadilisha watia saini kwa kawaida benki hutaka muhtasari wa kikao uliosainiwa, kwa hiyo kikao kiitishwe mapema. Baada ya siku ya makabidhiano usisaini hundi hata moja, hata ukiombwa kwa upole.

Hatua ya 4: Nywila. Kama barua pepe ya chama ilifunguliwa kwa namba yako ya simu, hamisheni kwanza namba ya kurejeshea akaunti, ndipo mbadilishe nywila. Msipoihamisha, siku mrithi akisahau nywila, ujumbe wa uthibitisho utakuja kwako.

Hatua ya 5: Ahadi za mdomo. Hapa naomba msome taratibu. Kwenye makabidhiano yangu ya kwanza hatua hii niliiruka. Mrithi wangu akaja kukutana nayo mbele ya mkutano mkuu: mwanachama alisimama, akasema mwenyekiti aliyepita alimkubalia alipe ada kwa awamu, akauliza kwa nini jina lake limesomwa kwenye orodha ya wadaiwa. Mwenyekiti mpya hakuwa na la kujibu. Akikubali, anaonekana ana upendeleo. Akikataa, anaonekana anavunja neno la ofisi. Alichokuwa nacho mkononi ni karatasi zangu, na karatasi zilikuwa safi kabisa.

Kiongozi yeyote aliyekaa muda ofisini ana ahadi za namna hii. Fundi ameambiwa kazi ijayo ni yake. Mjumbe amesamehewa faini kwa sababu ya msiba. Wawili waliogombana wamepatanishwa kwa sharti kwamba wasipangwe kamati moja. Hakuna hata moja iliyo kwenye muhtasari. Chukua daftari, piga safu nne: nani aliahidiwa, aliahidiwa nini, lini, na nani mwingine alisikia. Usitegemee kumbukumbu peke yake. Pitia simu yako, jumbe na namba ulizopigiwa, maana majina ndiyo yatakayokukumbusha. Kisha kaeni mpitie moja moja, yeye aseme ipi anaichukua na ipi haiwezi. Asiyoiweza, wewe ndiye umpigie mhusika umweleze ukiwa bado kwenye kiti. Usimwachie mgeni kazi ya kuvunja ahadi yako.

Angalieni ya Harry Truman. Aliapishwa kuwa rais wa Marekani tarehe 12 Aprili 1945 baada ya Franklin Roosevelt kufariki ghafla. Alikuwa amekaa umakamu wa rais siku 82, na undani wa mradi wa bomu la atomiki hakuwa ameelezwa. Waziri wa vita, Henry Stimson, alikuja kukaa naye kumpa maelezo kamili tarehe 25 Aprili, vita ikiwa inaendelea. Zamu yake ya kuondoka ilipofika, mwaka 1952, Truman aliagiza wagombea wa pande zote mbili wapewe taarifa za kijasusi kabla ya kura. Eisenhower wa chama pinzani aliposhinda, Truman alimwita ikulu Novemba ile ile kuzungumzia makabidhiano, na wawili hao walikuwa hawapatani.

Onyo: daftari hili lisisomwe kikaoni wala lisipigwe picha. Lina misiba na magonjwa ya watu.

Onyo la pili: usiandike ndani yake maoni yako juu ya wanachama. "Huyu ni mkorofi" si ahadi. Mwache mwenzako awajue watu kwa macho yake.

Hatua ya 6: Mwachie kikao kimoja akiendeshe. Wewe ukiwepo, kiti cha pembeni, kimya. Kufungua kikao na kuhesabu akidi havimshindi mtu. Mgeni huzama kwenye yatokanayo, yaani mambo ya kikao kilichopita: kila mtu anafufua hoja iliyokwisha kuamuliwa, na saa nzima inakwenda. Kabla ya kikao mfundishe sentensi moja: "Hilo liliamuliwa, tunachopokea sasa ni utekelezaji." Akikosea usimkatize. Mkitoka, muulize kwanza yeye alionaje, halafu ndipo useme.

Hatua ya 7: Mtambulishe mrithi kwa wafadhili, wakaguzi na mamlaka mnakopeleka ripoti. Nenda naye mwenyewe, barua haitoshi.

Hatua ya 8: Ondoka. Mwanachama akikupigia baada ya hapo, jibu ni "mpigie mwenyekiti", hata kama unajua jawabu. Ahmadou Ahidjo wa Kamerun alijiuzulu urais Novemba 1982 akampisha Paul Biya, lakini uongozi wa chama tawala akabaki nao. Mwaka haukuisha wakawa mahasimu. Ahidjo akaishia uhamishoni, akafariki Dakar mwaka 1989.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwa hiyo nywila tunaanza kubadilisha ipi?
Jibu: Hatua ya 4.

Swali: Nitumie mfano wa hati ya makabidhiano, ninayo ya kesho asubuhi.
Jibu: Ya kesho asubuhi na leo ndiyo unatafuta hati? Sogeza tarehe. Hati ni hatua ya 2, 3 na 4 zikiandikwa, mkasaini nyote na shahidi. Hakuna fomu ya siri.

Swali: Unakuza mambo. Mimi nilimpa funguo na mhuri, na chama kipo mpaka leo.
Jibu: Kipo kwa sababu mwenzako alihangaika peke yake. Muulize miezi yake ya mwanzo ilikuwaje, halafu uje utuambie hapa.

Swali: Nimeguswa na hatua ya 8, ila nina hoja. Nyerere alimpisha Mwinyi mwaka 1985 na akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Mbona hayakuwa ya Ahidjo?
Jibu: Hoja nzuri sana, ahsante. Tazama mwaka 1986: serikali ya Mwinyi iliafikiana na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), jambo ambalo Nyerere alikuwa amelipinga kwa miaka. Mtangulizi yupo, ana sauti, na mrithi ameamua tofauti na uamuzi umesimama. Mimi kipimo changu ni hicho. Kama mrithi wako anaweza kupitisha usilolipenda nawe umo ukumbini, na bado mkasalimiana, unaweza kubaki na wadhifa mdogo. Wengi wetu hatuwezi, ndiyo maana nimeandika "ondoka".

Swali: Mimi ndiye ninayepokea, sijawahi kuongoza popote, na mtangulizi hapokei simu zangu. Nifanyeje?
Jibu: Pole, dada. Anza na muhtasari wa kikao cha mwisho, urudi nyuma kimoja kimoja. Kila "kamati italifuatilia" ambayo hukuti ilikofika, iandike. Hiyo ndiyo orodha yako ya viporo. Kaa na katibu na mweka hazina, kila mmoja peke yake, uwaulize swali moja: ni nani anasubiri kitu kutoka ofisi hii? Utashangaa watakavyokumbuka. Kisha mwombe mtangulizi makabidhiano kwa barua kupitia kamati, na asipojitokeza iandikwe kwenye muhtasari kwamba hukukabidhiwa hiki na hiki, ili kesho usije ukadaiwa. Na soma katiba yote, hasa mipaka ya madaraka yako ya kutoa fedha. Ukikwama rudi hapa uulize, usione haya.

Swali: Ni kweli marais wa Marekani huachiana barua mezani?
Jibu: Kweli. Reagan alimwachia Bush mwaka 1989, Bush naye akamwachia Clinton mwaka 1993, ingawa Clinton ndiye aliyemshinda kwenye uchaguzi. Nanyi andikeni, ukurasa mmoja wa kumtia moyo. Malalamiko yasiingie humo.

Mchango: Sisi tulirekodi maelezo kwa sauti kwenye simu, mrithi akawa anasikiliza kidogo kidogo.
Jibu: Nimeipenda. Zirekodiwe kazi za mwaka kwa miezi: ripoti inapelekwa mwezi gani, leseni inaisha lini, ukaguzi unaanza lini. Za hatua ya 5 zibaki kwenye daftari.

Swali: Na daftari lenyewe hukaa na nani?
Jibu: Kwa mrithi tu. Nakala usibaki nayo.