Mshahara wa Kwanza Baada ya Chuo: Upangie Kabla Haujaingia

Kazi yangu ni kuandaa mishahara, na waajiriwa wapya hunijia na swali lile lile: mbona pesa iliyoingia ni pungufu kuliko ya kwenye mkataba? Wengi huwa wameshaitumia kichwani kabla haijafika. Ndiyo maana naanzia hapo.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya mshahara

Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba kwa kawaida ni mshahara ghafi. Humo hutoka kodi ya mapato, mchango wa pensheni, pengine bima ya afya na mkopo wa elimu. Kinachobaki ndicho cha kupangia kodi ya nyumba. Kato usilolielewa liulizie mwezi huo huo. Hakikisha pia jina na namba yako ya uanachama wa pensheni ziko sahihi, maana kufuatilia michango iliyopotea baada ya miaka mingi ni kazi nzito.

Hatua ya 2: Toa akiba kwanza

Agiza benki ihamishe akiba siku ile ile mshahara unapoingia. Asilimia 10 yatosha kuanzia. Lengo la awali ni matumizi ya lazima ya mwezi mmoja, halafu miezi 3. Iweke akaunti ya peke yake, isiyo na kadi. Vijana wengi wana hamu ya kuwekeza mara moja, nami nawaomba wavute subira: asiye na akiba ya dharura akiugua leo hulazimika kuuza alichowekeza kwa bei yoyote.

Hatua ya 3: Yaandike madeni yote

Usiruke hatua hii hata kama inakutia hofu. Andika unadaiwa na nani, kiasi gani, riba ngapi na tarehe ya kulipa. Kisha piga hesabu. Tuseme deni ni 1,200 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ni 24. Ukilipa 30, deni limepungua 6 tu. Ukilipa 60, limepungua 36. Malipo yameongezeka mara mbili, lakini deni limeshuka mara sita zaidi.

Kwa hiyo lipa kiwango cha chini kwenye kila deni, na cha ziada chote kielekeze kwenye lenye riba kubwa kuliko yote. Na kabla ya kukopa kwa simu, uliza riba hiyo ni ya muda gani. Asilimia 10 inaonekana ndogo, lakini ikiwa ni ya kila mwezi, kwa mwaka ni asilimia 120, bila hata kuhesabu riba juu ya riba.

Hatua ya 4: Msaada wa nyumbani uwe na kiasi chake

Kusaidia wazazi na wadogo zako ni jambo jema, na mimi naliheshimu sana. Ila liingize kwenye bajeti kama kodi ya nyumba, kisha uwaambie mapema utatoa kiasi gani. Kuwa mdhamini wa mkopo ni jambo jingine kabisa: mkopaji akishindwa, deni ni lako. Kama huwezi kulilipa wewe mwenyewe, usitie saini.

Hatua ya 5: Gharama za mwaka zigawe kwa 12

Bima, ada, safari, nguo za kazini: jumlisha, gawa, tenga kila mwezi.

Hatua ya 6: Usijifunge mapema

Ukiwa bado katika muda wa majaribio, mwajiri anaweza kuachana nawe kwa notisi fupi. Usinunue gari kwa mkopo wala kupanga nyumba inayomeza nusu ya mshahara. Kaa na mwenzako mgawane kodi mpaka uthibitishwe kazini. Na siku ukipata nyongeza, kabla haijaanza kuingia, rudi benki uongeze agizo la akiba kwa nusu ya nyongeza hiyo.