Kuchagua ekzosi ya Mustang yenye usukani wa kulia

Bwana mmoja wa Kisumu alinipandia hadi gereji hapa Nakuru na Mustang GT ya 2016. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na sanduku refu kutoka Marekani, tayari limelipiwa usafiri na ushuru. Ndani yake heda mbili za stenlesi (mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda, badala ya manifoldi ya kiwandani), mpya, bado zimefungwa karatasi. "Fundi, wewe funga tu, kila kitu kiko," akaniambia. Jioni sanduku lilirudi kwenye kiti kilekile, na heda zote mbili ndani. Tangu siku hiyo, mtu akinipigia simu kuuliza ekzosi, namtumia haya kwanza.

Hatua ya 1: Jua gari ulilo nalo

Mwaka, injini, usukani. Kabla ya toleo la 2015 Ford hawakuwa wakiunda Mustang ya usukani wa kulia kiwandani. Huku kwetu Kenya gari la kawaida la usukani wa kushoto haliruhusiwi kuingia, wala lililozidi miaka 8, ndiyo maana nyingi unazoziona zimepitia Uingereza.

V8 ya lita 5.0 ina safu mbili za silinda, nne kila upande, na kila safu ina bomba lake. Ile ya silinda nne, 2.3 ya tabo (feni inayozungushwa na moshi kuijazia injini hewa), hutoa bomba moja kutoka kwenye tabo, halafu linagawanyika kwenda sailensa mbili. Seti ya moja haiingii kwa nyingine hata picha zikifanana. Halafu GT za Ulaya kuanzia 2018 zina ncha nne nyuma na vali za umeme ndani ya bomba, ilhali zilizotangulia zina ncha mbili. Ukimnunulia wa 2016 seti ya ncha nne, umemnunulia pia kazi ya kubadilisha bampa ya nyuma sehemu ya chini.

Dodge Challenger haikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Ukiletewa moja ya namna hiyo, ujue usukani ulihamishwa na fundi fulani mahali fulani, na hakuna katalogi itakayokusaidia. Pima kila kitu kwa mkono.

Hatua ya 2: Sema ukweli, unataka sauti au nguvu?

Wengi wanataka sauti lakini wanaona haya kusema. Ukibadilisha kuanzia nyuma ya katalisti (kisafisha moshi) pekee kwenye V8 isiyo na tabo, nguvu inaongezeka kidogo sana. Tena zile grafu za nguvu za wauzaji zimesahihishwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nakuru tuko karibu mita 1,850, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, gari hilohilo linapumua vizuri zaidi. Kwa hiyo usije kunilaumu kwamba farasi ulioahidiwa kwenye sanduku hawajafika.

Hatua ya 3: Heda

Hapa ndipo siku yangu nzima ilipotelea.

Heda ndefu zinashuka kutoka kwenye kichwa cha injini, zinapita kando ya bloku, zinaungana chini karibu na gia. Njiani upande mmoja unakutana na shafti ya usukani, ile inayotoka kwa dereva kwenda kwenye raki. Marekani shafti iko kushoto, kwa hiyo mtengenezaji hupindisha mabomba ya kushoto kuikwepa na kuyaachia ya kulia yapite yanavyotaka. Huku kwetu shafti iko kulia, palepale ambapo mabomba yamejiachia.

Sikulijua hilo kabla ya kufungua manifoldi ya kiwandani. Heda ya kushoto iliingia bila maneno. Ya kulia nikaisukuma kutoka chini, kutoka juu, nikalegeza mipira ya injini, nikainua injini kwa jeki na kipande cha ubao. Ikaingia! Nikakaza nati mbili, nikamwambia mwenye gari ageuze usukani. Ukazunguka nusu, ukakwama. Bomba la silinda ya tatu lilikuwa limeegemea shafti.

Kijana wangu akashauri tulipige bomba kidogo, "libonyee tu hapo." Nilikataa, na ningekataa tena. Bomba lililobonyezwa linabana moshi wa silinda moja kuliko nyingine, na umbali wa milimita mbili haukutoshi hata kidogo. Injini hucheza kwenye mipira yake. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu inajipinda, na bomba likipata moto linatanuka. Kinachogusana kidogo gari likiwa limesimama kitagongana ukiwa unapita lori pale Salgaa. Ekzosi ya kelele nitaisamehe, lakini usukani unaokwama sisamehe.

Sasa nafanya hivi. Kabla ya kununua heda namwandikia muuzaji swali moja: imewahi kufungwa kwenye gari la usukani wa kulia la mwaka huu? Akijibu "inapaswa kuingia," najua haijawahi. Akisema ndiyo, naomba picha ya shafti na bomba pamoja, iliyopigwa kutoka chini. Na hata heda ikifika, naipima kwa unga wa chapati. Usicheke. Donge la unga uliokandwa ukakauka kidogo, linabandikwa juu ya shafti mahali panapobana, heda inainuliwa hadi kwenye nati zake, inashushwa tena. Unga uliobaki ndio nafasi uliyo nayo. Ukiwa mwembamba kuliko kidole changu kidogo, sifungi.

Jambo jingine, na hili lilinigharimu sensa (kihisi) ya moshi kwenye gari tofauti. Miongozo ya Marekani husema "upande wa abiria" na "upande wa dereva." Abiria wao anakaa kulia, wetu anakaa kushoto. Kompyuta ya gari ilitoa kodi ya hitilafu P0420, yaani katalisti ya safu ya kwanza. Mwongozo ukasema upande wa abiria, nami nikabadilisha sensa ya kushoto. Taa haikuzima. Kwenye hizi V8 za Ford safu ya kwanza ni ya kulia ukiwa umeketi ndani ya gari, upande wa dereva wetu. Ya kushoto ndiyo P0430. Siku hizi naandika KULIA na KUSHOTO kwa chaki kwenye kila kipande kabla sijagusa spana.

Hatua ya 4: Kipenyo, na X au H

Kwa GT ambayo haijaguswa ndani, inchi 2.5 kila upande inatosha. Inchi 3 ni ya aliyeongeza supachaja (pampu ya kuijazia injini hewa) au anayepanga kuongeza. Bomba pana kupita kiasi linapunguza mwendo wa moshi, na gari linalegea injini ikizunguka polepole, palepale unapolihitaji ukitoka kwenye mzunguko wa barabara. Lile wanalosema watu kwamba "injini lazima ibanwe" moshi wake si kweli. Inachotaka ni moshi utembee kwa kasi.

Mabomba ya pande mbili huunganishwa katikati kwa umbo la X au H. Kiungo cha X kinachanganya moshi wa pande mbili vizuri na sauti inakuwa nyembamba, kama ya gari la mashindano. Cha H kinaacha ule mngurumo wa V8 ya zamani. Mimi ni mtu wa H.

Hatua ya 5: Nani anachomelea

Wachomeleaji wa jua kali wa hapa ni hodari, na kipande cha katikati ningewapa wao kuliko kungoja meli. Lakini usimruhusu mtu akukunjie bomba kwa mashine inayoliponda kwenye kona. Nunua kona zilizokunjwa tayari, uzikate, uziunge. Na kama ni stenlesi, dai gesi ya argoni ipite pia ndani ya bomba wakati wa kuchomelea. Bila hivyo upande wa ndani wa weldi unatoka kama ukoko wa ugali, na hapo ndipo ufa huanzia.

Hatua ya 6: Matuta

Pakia watu wanne, jaza tangi, kisha pima kutoka ardhini hadi kipande cha chini kabisa cha ekzosi, maana hicho ndicho kitakachogonga tuta. Ukipima gari tupu unajidanganya.

Hatua ya 7: Funga

Mafuta ya kulegeza nati usiku uliotangulia, gasketi mpya, klampu zikazwe mwisho kabisa baada ya kila kitu kunyooka. Sailensa zibaki. Sheria ya barabara inazitaka, kanuni za kelele za 2009 za mazingira zipo, na jirani yako ana mtoto mchanga.

Yule bwana tulimrudishia manifoldi zake za kiwandani, tukamfungia seti ya kuanzia nyuma ya katalisti, na kiungo cha H. Aliomba tuondoe resoneta (vipande vya kupunguza mvumo) ili "iongee." Nilimwonya, akasisitiza, nikaziondoa. Alipofika Kericho alinipigia. "Fundi, injini ikiwa kwenye mizunguko elfu mbili kwa dakika kuna mvumo ndani, mama watoto amehamia kiti cha nyuma na bado anaziba masikio." Jumamosi anakuja nizirudishe. Heda bado anaziuza, na kila anayepiga simu kuziulizia ana usukani wa kulia.