Siku moja Mombasa: Fort Jesus, Marikiti na feri kwa mpangilio unaofaa

Mombasa ni kisiwa kidogo na siku moja inatosha, ila mpangilio ndio unaoamua. Ukianza na Marikiti, yaani soko, na kumalizia na Fort Jesus, ngome ya zamani, utapanda kuta za mawe jua likiwa la utosi. Ukichelewa kuvuka kwa feri kwenda Likoni, ng'ambo ya kusini, utakutana na umati wa watu wanaorudi makwao kutoka kazini.

Kabla ya kutoka. Beba kitambulisho, kwa sababu Fort Jesus ina bei tofauti za Wakenya, wakazi na wageni. Tiketi hulipiwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, hivyo simu iwe na chaji. Weka pia noti za 50 na 100 za nauli na soko. Mavazi yafunike mabega na magoti: Mji wa Kale ni mitaa ya watu, wenye misikiti kila baada ya hatua chache.

Hatua ya 1: Fort Jesus, saa mbili asubuhi. Tenga saa moja na nusu. Ukitaka mtu wa kukutembeza, patana naye bei na muda langoni, kabla hamjaingia.

Usikimbilie mizinga. Anza na makumbusho, penye vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo chini mwaka 1697 wakati Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Mzingiro ulidumu miezi 33, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kisha panda ukuta wa upande wa bahari utazame mkondo ulivyo mwembamba. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini msaada wa walio ndani ulitegemea maji, na kwa nini Wareno waliijenga ngome juu ya mwamba huu mnamo 1593–1596. Malizia na Nyumba ya Waomani.

Hatua ya 2: Ndia Kuu kwa miguu. Pita polepole ukitazama milango ya nakshi na roshani za mbao, hadi Msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ulijengwa mwaka 1570. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na Bandari ya Kale usiipige kabisa.

Hatua ya 3: Marikiti, kabla ya saa sita. Ulizia njia ya Langoni. Viungo nunua vizima, kwa sababu vilivyosagwa huwezi kujua vimechanganywa na nini. Pasua punje moja ya iliki: mbegu ziwe nyeusi, zenye unyevu na za kunata kidogo. Zikiwa kavu na za kijivu, ni za zamani. Karafuu iwe na kichwa chake, na ukiibonyeza kwa ukucha itoe mafuta. Gramu 100 za kila aina zinatosha nyumba ndogo kwa muda mrefu. Usiitaje bei ya kwanza wewe. Mwache muuzaji aanze.

Hatua chache kutoka hapo ni Biashara Street, mtaa wa leso na vikoi. Leso huuzwa jozi, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana. Ikunjue yote, usome jina lake kwenye vipande vyote viwili na uangalie kama rangi imepotoka kwenye pindo. Mafundi wa cherehani walio karibu watakukatia na kukupindia papo hapo. Ijumaa fika mapema, maana adhuhuri maduka mengi hufungwa.

Hatua ya 4: Feri ya Likoni. Matatu za kwenda feri utazipata Digo Road, karibu na Posta. Muulize konda nauli kabla ya kukaa, kwa sababu hupanda mvua ikinyesha na jioni. Tuktuk ni hivyohivyo: uliza kama ni ya kubeba watu kwa kiti au ya kukodi, usije ukatozwa gari zima.

Mtembea kwa miguu halipi feri. Vuka kati ya saa nane na saa tisa na urudi kabla ya saa kumi. Mkoba uwe kifuani, simu mfukoni, na usipige picha.

Ukiondoka kwa SGR, treni ya Nairobi. Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa. Toka mjini ukiwa na muda wa saa mbili kabla ya treni kuondoka: foleni ya magari ni kubwa na mizigo hukaguliwa. Jina kwenye tiketi lilingane na la kitambulisho, la sivyo utazuiwa mlangoni.