Yogati nzito: mbegu mnaiunguza wenyewe, msisingizie kitambaa

Wafugaji habari za kazi. Wiki hii nimepigiwa simu mara tatu kwa jambo lile lile, afisa nimechuja yogati usiku kucha alafu asubuhi kwenye kitambaa kuna kauji kembamba tu, mengine yote yamepita chini kwenye beseni meupe pee kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Mmoja kashanunua kitambaa cha pili. Jamani, kitambaa hakigandishi maziwa, kazi yake ni kutoa maji kwenye kitu kilichoganda tayari, kama hakijaganda utachuja mpaka Idi.

Kosa liko nyuma, kwenye joto la maziwa wakati wa kutia mbegu, yaani ile yogati kidogo ya kuanzishia. Na huku Lushoto najua linatoka wapi: usiku kuna baridi, mtu anaogopa maziwa yatapoa kabla hayajaganda, basi anatia mbegu yakiwa bado ya moto eti yatajihifadhi. Bakteria wa yogati wanafanya kazi vizuri digrii 42 hadi 45, ukifika 50 wanadhoofika, ukipita 55 umeshawapika. Alafu kesho yake ukiona hayajaganda unaongeza mbegu mara mbili, nayo unaiunguza vilevile, lita tano zingine zimekwenda.

Juzi nilimkuta mama mmoja wa kikundi kachovya kidole juu juu kwenye sufuria, akaniambia afisa haya yamepoa. Pale juu kulikuwa na utando. Nikachukua mwiko nikakoroga kutoka chini kabisa, nikatia themomita, ikasoma 58. Juu vuguvugu, chini moto, ndo maana kidole kinawadanganya. Koroga kwanza, pima baadaye, kila mara.

Kuchemsha mnajua, nasema moja tu: yakifoka usiipue hapo hapo. Yashushe moto, yakae kwenye digrii 90 kwa dakika 10, au 85 kwa nusu saa kama jiko lako ni la taratibu. Joto hilo linafanya protini zishike maji, ukiliruka yogati inakuwa nyepesi hata mbegu ikiwa nzima. Alafu weka sufuria kwenye beseni la maji baridi ukoroge mpaka yashuke digrii 43, kwa lita tano ni kama robo saa mpaka dakika ishirini, sio kuacha mezani uende shambani uje ukisie.

Huna themomita? Kidole kisafi, baada ya kukoroga, hesabu pole pole mpaka kumi. Ukikitoa kabla ya kumi bado ni ya moto, ukifika ishirini na husikii kitu yamepoa sana, rudisha jikoni kidogo. Lakini kikundi kizima mnashindwaje kuchanga themomita moja nyie?

Mbegu ni vijiko viwili vya mezani kwa lita moja. Lita tano vijiko kumi, SIO kikombe cha kukadiria kwa macho, ikizidi inachachuka haraka na kuwa chembechembe. Ikoroge kwanza kwenye kikombe na maziwa yale yale ya 43 ndo umimine. Iwe yogati tupu isiyo na ladha wala sukari, na mtindi wa kienyeji usitumie, bakteria wake wanataka joto la chini na hapo kwenye 43 hawatakusaidia.

Baridi dawa yake ni blanketi. Suuza hotipoti kwa maji ya moto, mimina, funga, viringisha, acha saa 5 hadi 7 bila kufungua fungua wala kutikisa. Na kama ng'ombe kachomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele, maziwa yake hayafai mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye dawa, hayo hayagandi hata ufanyeje na hata kunywa hayaruhusiwi.

Kijiko kikikata na ukingo ukasimama, tayari.

Ipoze kwanza ndo uchuje. Melikani iliyofuliwa bila sabuni ya manukato na kuchemshwa inatosha, tandika kwenye chujio juu ya sufuria, mahali pa baridi, saa 3 au 4 kwa ya kula na kijiko, usiku kucha kwa ya kupaka kwenye mkate. Usikamue kwa mikono, unapitisha yogati yenyewe. Lita tano zinakupa kilo mbili au mbili na nusu hivi, yale maji ya njano kandia unga wa chapati, usimwage mtoni.

Na kabla hujamimina kwenye kitambaa, toa vijiko kumi uweke pembeni kwenye chupa safi yenye mfuniko, sehemu ya baridi, hiyo ndo mbegu ya safari ijayo. Ikipita siku saba achana nayo, anza na mpya.