Zima kabineti ya kuigiza kabla hujailaumu spika
Wakuu mnaopiga gitaa kwa modela (kile kifaa cha kidijitali kinachoigiza ampu za gitaa), kama umejichongea kabineti yako ya spika ya inchi 12 basi ingia kwenye modela uzime ile kabineti ya kuigiza, yaani ile inayoigiza sauti ya boksi la spika, wengine wanaiita IR. Mimi nilihangaika wiki nzima, sauti imeziba kama mtu anaongea ndani ya ndoo, nikaenda hadi kwa seremala nikamwambia plaiwudi yako mbovu, kumbe masikini plaiwudi ya milimita 18 safi kabisa (nimeshamwomba radhi), tatizo nilikuwa napitisha sauti kwenye kabineti mbili, moja ya kidijitali moja ya mbao. Spika ya gitaa yenyewe tu inapunguza sana sauti kali kuanzia kama kHz 5, ukizikata tena unabaki na nini? Ila ukichomeka kwenye mikisa ya kanisani au hedifoni iwashe hiyo ya kuigiza, la sivyo inakwaruza kama nyuki kwenye kopo. Halafu modela nyingi hazina nguvu ya kusukuma spika, weka pawa ampu (ampu ya kusukuma spika) katikati, na kama umefunga spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa pareleli (sambamba) inakuwa omu 4, kwa sirizi (mfululizo) omu 16, soma nyuma ya pawa ampu inakubali omu ngapi ndo uwashe.