Mbwa wadogo wawili kwenye nyumba ya kupanga: kila mmoja sahani yake, kamba yake, zamu yake

Shida nyingi za mbwa wadogo wawili zinaanzia sehemu moja tu, watu wanawafuga kama pea ya viatu. Wanakula sahani moja, wanatoka pamoja, wanaogeshwa pamoja, halafu mmoja akiacha kula hakuna anayejua maana sahani imeisha kama kawaida, kumbe mwenzake ndo kamaliza yote. Kwahiyo ukibeba kitu kimoja tu kwenye maelezo haya beba hicho, wale ni wawili, na kila mmoja anatakiwa ajue maisha yake bila mwenzake.

Mi ninao Kashata jike na Bisi dume, chotara wa vile vya manyoya, mkubwa hafiki kilo sita, tunakaa Tabata hapa Dar, nyumba ya kupanga, geti moja wapangaji watatu. Ninayoandika ni kwa mtu wa maisha hayo, asiye na uwanja wa nyasi wala mlinzi wa kushinda na mbwa.

Kabla hujawaleta ongea na baba mwenye nyumba, na umwambie idadi, usimwambie "kambwa kadogo" halafu wakaonekana wawili. Ongea na wapangaji pia. Halafu usichukue ndugu wa tumbo moja wa umri mmoja hata muuzaji akikupunguzia bei, maana wale wanashikamana wao kwa wao, we unakuwa mtu wa kuleta chakula tu, na wakikua wengine wanapigana vibaya sana. Chukua mmoja, mlee akae sawa, akishajua choo na jina lake ndo umlete wa pili. Na kama ni jike na dume basi habari ya kuhasi isisubiri, jike anaweza kupata joto la kwanza, yani kutaka dume, akiwa na miezi sita tu, undugu wao hawaujali, na mimba ni kama siku 63, yani miezi miwili ukishangaa una mbwa saba. Jike akifungwa kizazi unamwepusha pia na usaha wa kizazi, ugonjwa unaoua majike wengi ambao hawajafungwa.

Chakula sasa, hapa ndo pa kukaa. Sahani mbili, kona mbili tofauti, wasionane wakiwa wanakula. Weka, subiri kama robo saa, toa. Usiache chakula kikae chini siku nzima, kwanza kwa joto la Dar kinachacha, pili wanaanza kugombania. Ukifanya hivi asubuhi na jioni kila siku utajua fasta nani kabakisha, na mbwa mdogo aliyebakisha mara mbili mfululizo ana jambo, usimsubiri mpaka alale chali.

Chakula cha dukani kipo ila bei yake mnaijua. Kupika inawezekana kabisa, unachukua firigisi, mapafu, shingo au vichwa vya kuku, unachemsha na mchele au dona, unatia karoti au mchicha kidogo, bila chumvi, bila kitunguu, bila saumu. Kitunguu na saumu vinaharibu damu yao, na kwa mbwa wa kilo nne kiasi kidogo tu kinatosha kuleta balaa, kwahiyo ile mboga yenu iliyobaki kwenye sufuria sio chakula cha mbwa hata kama anaililia. Chokoleti na zabibu pia hapana. Mifupa ya kuku iliyopikwa itoe yote kwa mkono, inavunjika inakuwa na ncha kali na koo lao ni dogo. Dagaa wanafaa sana ila waoshe mchanga na chumvi kwanza. Ukipika hivi kila siku kwa miezi usiache kumuuliza daktari kuhusu madini, hasa kalsiamu, nyama na wali peke yake haitoshi.

Na unga. Kuna watu ule unga uliopata ukungu au mahindi yaliyovunda wanasema "wapikie mbwa". Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inaua mbwa, inamaliza ini, tena mbwa ni dhaifu kwake sana. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, sasa we fikiria kiumbe cha kilo tano. Unga usioweza kula wewe mwaga.

Kiasi ni kidogo kuliko unavyodhani, mkubwa wa kilo tano nusu kikombe cha chai asubuhi na nusu jioni anashiba, ila usishike kikombe sana, shika mbavu. Pitisha vidole ubavuni, mbavu uzisikie bila kukandamiza. Manyoya yanadanganya, unaona mbwa mnene kumbe ni mifupa mitupu, au kinyume chake. Vile vitoto vya chini ya miezi minne vyenyewe vinakula mara tatu au nne kwa siku, sukari inashuka haraka, ukikiona kinayumba kama kimelewa paka asali kwenye fizi kisha kimbia kwa daktari.

Kupe. Usimwangalie mbwa kwa juu, mkalishe mapajani, tafuta mwanga, anza masikioni kwa ndani kwenye ile mikunjo, halafu katikati ya vidole vya miguu, ukipanua vidole utakuta kadogo kekundu-kahawia kamejikita kama mbegu, halafu kwapani, halafu chini ya mkanda wa shingo. Chomoa kwa kibano ukishika karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, usikamulie kwenye kucha maana damu ile ndo yenye wadudu. Tia kwenye spiriti. Mafuta ya taa na kiberiti acheni jamani.

Kupe wa mbwa hakai porini, anakaa ndani kwako, kwenye nyufa za ukuta, nyuma ya kabati, chini ya godoro la mbwa. Ndo maana unamuogesha mbwa na dawa leo, wiki ijayo wamerudi. Ziba nyufa, matandiko yafue kwa maji ya moto, anika juani, na dawa wapewe wote wawili siku moja, hapa tu ndo pea inakubalika. Ukimtibu mmoja umefanya kazi bure. Na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe usikadirie kwa macho kwa mbwa wa kilo tatu, wala usikubali mtu wa mtaani apige sindano ya ng'ombe "kidogo tu", hiyo kidogo ya kwake ni nyingi. Homa ya kupe ukiicheki ni hivi: mbwa kanyong'onyea, hataki kula, fizi zimepauka, mkojo unaweza kuwa kama chai ya rangi. Hapo ni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Dawa ya minyoo mnajua, kila miezi mitatu kwa wakubwa, vitoto kila wiki mbili mpaka miezi mitatu. Ila dozi ni kwa kilo na vidonge vingi vimetengenezwa kwa mbwa wa kilo kumi, kwahiyo kinakatwa, na ili ukikate lazima ujue uzito wa kila mmoja. Maduka mengi ya dawa za mifugo yana mizani, usiende kwa muuza mchele atakufukuza.

Chanjo, kichaa cha mbwa wakifika miezi mitatu kisha kila mwaka, kadi mbili tofauti. Karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi wanachanja bure, ulizia ofisi ya mifugo ya kata. Zile za parvo, ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoua vitoto, zinaanza wiki ya sita mpaka ya nane na zinarudiwa mpaka wiki ya 16, kabla hazijaisha usikitembeze kitoto mtaani, virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi na miezi. Na mbwa usiyemjua akimng'ata mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima halafu hospitali, hata kama kidonda ni mkwaruzo.

Sasa kelele, ambazo ndo zitakufukuzisha nyumba. Mbwa wawili wadogo wanabweka kwa kupokezana, mmoja anaanza bila hata kuona kitu, wa pili anaunga mkono. Nenda kachuchumae getini kwa usawa wa macho yao uone wanachoona, utakuta kuna uwazi chini ya geti, na pale wanaona miguu inapita siku nzima, ndala, viatu vya shule, tairi za bodaboda. Funga ubao au bati pale chini. Nusu ya kelele zinaisha hiyo siku, sitanii. Zilizobaki, mwite aliyeanza kwa jina lake, sio "nyamazeni" ya jumla, akija mpe kipande cha firigisi akiwa kimya. Ukiwapigia kelele wanaona na wewe unabweka nao.

Mafunzo yote ni zamu. Mmoja ndani mmoja nje na wewe, dakika kumi, kisha badilisha. Anayebaki atalia, mwache alie kidogo, anajifunza kubaki peke yake, maana iko siku mmoja atalazwa au atakufa na yule mwingine asipojua kukaa mwenyewe utapata wagonjwa wawili. Kutembea tumia mkanda wa kifuani, sio wa shingoni, koromeo za hawa wadogo ni laini zinabonyea na ndo unasikia kile kikohozi cha kama bata. Desemba mpaka Machi tembea kabla ya saa moja asubuhi au jioni lami ikishapoa, weka mgongo wa kiganja chini uhesabu tano, ukishindwa wewe na wao hawawezi.

Majirani Waislamu, hili liheshimu bila kusubiri uambiwe. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndo wengi wa huku pwani, mate ya mbwa ni najisi na chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwahiyo mbwa asimrukie mtu anayetoka msikitini, asipite chini ya kamba ya nguo za watu, asilambe ndoo ya bombani. Bibi wa chumba cha mbele kwetu tulikubaliana, akitaka kutoka anapiga hodi ya ndani kwa ndani, "mama Kashata, napita!", nawaingiza, anapita. Hajawahi kugombana na mimi, na sikukuu ya Idi analeta pilau. Ya kwangu, sio ya mbwa, maana ina vitunguu.

Wakigombana wao kwa wao usiingize mkono. Mwaga maji, au piga sufuria, au sukuma kiti katikati, kisha watenganishe vyumba mpaka wapoe. Halafu tafuta walichogombania, mara nyingi ni mfupa, sehemu ya kulala au wewe mwenyewe.

Dawa zako zikae juu. Panadoli, ibuprofeni, diklofenaki, usimpe mbwa eti ana homa, zinaua. Sumu ya panya ni hatari zaidi maana ziko zinazozuia damu kuganda na dalili zinakuja baada ya siku tatu hata tano, mbwa yuko fiti kumbe anavujia ndani. Maziwa sio dawa ya sumu. Beba pakiti ya ile sumu uende nayo kwa daktari, na kama hujui nani kala, nenda na wote wawili.

Ukisafiri mwachie dada au jirani karatasi ya kila mbwa, moja moja. Ya Bisi kwetu inasema: anakula jikoni, firigisi ikatwe ndogo anabugia, akisikia radi anaingia chini ya kitanda usimvute. Ya Kashata: anakula varandani, akimaliza atakuja kukudanganya kuwa hajala, angalia sahani. Namba ya daktari kwenye karatasi zote, na hela ya bajaji iwekwe kabisa kwenye bahasha na kadi za chanjo, mbwa akizidiwa usiku dada asianze kutafuta chenji.