Namna ya Kulinganisha Programu Huria za Kutambua Neno la Kuamsha

Neno la kuamsha ndilo linalokiambia kisaidizi cha sauti kwamba sasa kinaitwa. Kabla ya kupima programu ipi inalisikia vizuri, amua kwanza itakaa kwenye kifaa gani. microWakeWord iliundwa kwa ajili ya vidhibiti vidogo, yaani chipu za kuendeshea vifaa, kama ESP32-S3, ilhali openWakeWord huhitaji kompyuta, hata ndogo kama Raspberry Pi, nayo huchambua sauti kwa vipande vya milisekunde 80. Precise, programu nyingine ya aina hii kutoka kampuni ya Mycroft, sishauri kuanza nayo, kwani kampuni hiyo ilisitisha uendelezaji mwaka 2023.

Kisha soma leseni mbili, si moja. Msimbo wa openWakeWord una leseni ya Apache 2.0, inayoruhusu hata biashara, lakini modeli zinazokuja nao, yaani mafaili yaliyofunzwa kutambua neno, zina leseni ya CC BY-NC-SA 4.0, ambayo hairuhusu matumizi ya kibiashara. Anayekusudia kuuza kifaa hana budi kufunza modeli yake mwenyewe. Porcupine, programu nyingine ya kutambua neno la kuamsha, siihesabu kuwa huria, kwa sababu hudai ufunguo wa akaunti hata pale inapofanya kazi yote ndani ya kifaa.

Kipimo chenyewe kifanyie sebuleni kwako. Washa redio kwa saa kumi na uhesabu mara ambazo kifaa kimeamka bila kuitwa; halafu watu mbalimbali wakiite mara 100, karibu na mbali, feni ikizunguka, na uhesabu mara ambazo hakikuitika. Hapa wengi hukosea: huacha kila programu kwenye kizingiti cha 0.5, yaani alama ambayo programu ikiifikia huamka, na kudhani wamezitendea haki, ingawa alama za programu moja hazina maana sawa na za nyingine. Rekebisha kizingiti cha kila moja hadi zote ziamke bure kwa kiasi kilekile, tuseme mara moja kwa saa mbili, ndipo ulinganishe zilivyokosa kuitika.

Kwa neno la Kiswahili kuna kazi zaidi. Modeli hizi hufunzwa kwa sauti za kutengenezwa na kompyuta, nazo kwa kawaida ni za Kiingereza, kwa hiyo neno lako litatamkwa kigeni. Piper, programu huria ya kugeuza maandishi kuwa sauti, inayo sauti ya Kiswahili cha Kongo, lakini sauti chache hazitoshi kufunza modeli itakayomwitikia kila mtu. Epuka maneno kama "habari" au "sikiliza", ambayo redio huyataja mchana kutwa. Chagua jina lisilo la kawaida lenye silabi nne au zaidi, kisha rekodi watu wote wa nyumbani wakilitamka, watoto na wazee wakiwemo.